Magari Nje ya Barabara: Jeraha Linaloachwa kwenye Nyasi za Serengeti

Na Mwandishi Wetu, Serengeti

KILA mwaka, kati ya Julai na Oktoba, makundi makubwa ya nyumbu huvuka Mto Mara katika maeneo ya Kogatende na Lamai, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mkoani Mara. Wageni kutoka pembe zote za dunia huja kushuhudia tukio hilo. Macho yao huelekezwa majini waliko mamba, na kwenye kingo ambako nyumbu husukumana kabla ya kujitosa. Ni wachache wanaotazama chini, kwenye nyasi zilizolazwa na magurudumu ya magari yaliyowaleta.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Katika hifadhi zetu nyasi huumia hata pasipo ugomvi wa tembo. Inatosha dereva mmoja kuiacha barabara kwa mita mia moja ili mgeni wake apate picha nzuri, na dereva wa pili kufuata alama za wa kwanza.

Julai 2025, picha za video zilizosambaa katika mitandao ya kijamii zilionesha watalii walioshuka kwenye magari na kujipanga kandokando ya Mto Mara, huku nyumbu wakikosa njia. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi usalama wa wageni na usumbufu kwa wanyama, na ulikuwa mjadala wa lazima. Hata hivyo, upo upande mwingine wa suala hilo unaostahili kuelezwa: nini hutokea kwa udongo na mimea magari yanapoiacha barabara, na kwa nini jambo hilo linawahusu pia wananchi wa Wilaya za Tarime na Serengeti wanaoishi jirani na hifadhi.

Funzo kutoka majangwani

Madhara ya magari kwa mimea yalianza kuvuta macho ya dunia katika nchi za jangwa. Katika Jangwa la Mojave nchini Marekani, alama za vifaru vilivyotumika katika mafunzo ya kijeshi kati ya mwaka 1942 na 1944 bado zinaonekana ardhini, zaidi ya miaka 80 baadaye. Baada ya vita, wapenda michezo ya pikipiki na magari waliingia katika majangwa hayo kwa wingi, na mwaka 1972 Rais Richard Nixon alitoa amri ya kudhibiti matumizi ya vyombo vya moto nje ya barabara katika ardhi ya umma. Nchini Namibia, kwenye nyanda za changarawe za Jangwa la Namib, gari moja likipita juu ya kuvu na mimea midogo inayotambaa ardhini huacha mstari unaodumu kwa miongo mingi.

Sababu ya alama hizo kudumu ni kwamba jangwani mimea hukua polepole sana. Mvua ni haba, na kila kinachovunjwa husubiri miaka mingi kabla ya kurejea. Aidha, juu ya udongo wa jangwa huwapo utando mwembamba wa viumbe vidogo unaoshikilia chembe za udongo zisipeperushwe na upepo. Utando huo ukipasuliwa na tairi, udongo hubaki wazi.

Serengeti si jangwa. Hata hivyo, ndani ya mfumo wake wa ikolojia kuna tofauti kubwa ya hali ya hewa. Nyanda za kusini mashariki, zilizo kwenye kivuli cha mvua cha milima ya Ngorongoro, hupata takribani milimita 500 za mvua kwa mwaka. Kiasi hicho huongezeka kadiri msafiri anavyoelekea kaskazini na magharibi, na kufikia takribani milimita 1,000 au zaidi katika maeneo yanayopakana na Tarime na Ziwa Victoria. Kwa hiyo, hifadhi hii moja ina ardhi inayokaribia hali ya ukame na ardhi yenye unyevu wa kutosha, na gari linalopita nje ya barabara huiumiza kila moja kwa namna yake.

Kinachotokea chini ya gurudumu

Gari la kubeba watalii likiwa na abiria na mizigo huweza kufikia uzito wa takribani tani tatu. Uzito huo wote hubebwa na maeneo manne madogo ambapo tairi hugusa ardhi. Jambo la kwanza linaloonekana ni nyasi kulala au kukatika. Hilo ndilo dereva huliona, na kwa kuwa baada ya mvua chache nyasi huinuka tena, wengi huamini kuwa hakuna lililoharibika.

Madhara makubwa zaidi hutokea mahali ambapo jicho halifiki. Udongo wenye afya una matundu madogo yanayopitisha hewa na maji. Gurudumu linapoukandamiza, matundu hayo huzibana. Maji ya mvua, badala ya kupenya na kuifikia mizizi, hutiririka juu ya ardhi. Mizizi hukosa hewa na kushindwa kupenya udongo uliogeuka mgumu. Mbegu zinazodondoka hapo hukosa ufa wa kujificha, hivyo huliwa na ndege, huchomwa na jua au husombwa na maji.

Mfano mzuri ni jamii ya nyasi inayofahamika kitaalamu kama Themeda triandra, miongoni mwa nyasi muhimu katika maeneo ya Serengeti yenye nyasi ndefu. Mbegu yake ina mkia mrefu unaojisokota na kujisokotoa kadiri unyevu unavyobadilika, na kwa mzunguko huo mbegu hujichimbia ardhini yenyewe. Ni ufundi wa ajabu wa maumbile. Hata hivyo, kwenye udongo ulioshindiliwa na matairi, mbegu hiyo hujizungusha juu ya sakafu ngumu bila kupata pa kuingilia.

Jambo la kuzingatia ni kwamba sehemu kubwa ya mshindilio hutokea katika mapito machache ya mwanzo. Dereva anayejifariji kwamba atapita mara moja tu huwa ameshafanya sehemu kubwa ya uharibifu, na pito lake huwa mwaliko kwa wengine. Suala hili limefanyiwa utafiti hata jirani na mpaka wetu. Mwaka 1986 mtafiti Onyeanusi alichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika Hifadhi ya Maasai Mara nchini Kenya, ambako gari lilipitishwa juu ya nyasi kwa makusudi ili kupima athari zake. Maasai Mara na Serengeti ni mfumo mmoja wa ikolojia: nyasi ni zilezile, nyumbu ni walewale, na mto ni uleule.

Udongo wa aina mbili, majeraha ya aina mbili

Katika nyanda za kusini mashariki, udongo umetokana na majivu ya volkano za Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Chini ya udongo huo kuna tabaka gumu la chokaa ambalo mizizi ya miti hushindwa kulipenya, na hiyo ni sababu mojawapo ya nyanda hizo kutokuwa na miti. Nyasi zake ni fupi na zenye madini mengi, na ndizo zinazowavuta nyumbu kwenda kuzalia huko wakati wa mvua. Gari likipita juu ya udongo huo wakati wa kiangazi husaga tabaka la juu kuwa vumbi, na upepo hulichukua. Jeraha la hapa linafanana na lile la jangwani: halina kina kirefu, lakini huchelewa kupona.

Kaskazini, katika maeneo yanayoangukia Wilaya za Tarime na Serengeti, hali ni tofauti. Sehemu nyingi za mabondeni zina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wakulima wetu wanaufahamu vema. Ukikauka hupasuka nyufa. Ukilowa hunata na kuteleza. Gari likipita juu yake baada ya mvua huzama na kuacha mifereji miwili. Mvua inayofuata hukusanyika katika mifereji hiyo, na ardhi ikiwa na mteremko, maji hupata kasi na kuchimba zaidi. Baada ya misimu michache, kilichokuwa alama za tairi huwa korongo.

Aidha, dereva anayefuata huona mifereji hiyo na kuikwepa kwa kupita pembeni. Wa tatu humkwepa wa pili. Ndiyo maana katika maeneo yenye unyevu njia moja huzaa njia tatu au nne zinazokwenda sambamba, kila moja ikiwa imekula sehemu yake ya nyasi. Udongo unaosombwa huishia kwenye vijito, vijito huupeleka Mto Mara, na Mto Mara, unaoanzia katika msitu wa Mau nchini Kenya, huumwaga kwenye ardhioevu ya Mara na hatimaye Ziwa Victoria.

Ili kupata picha ya ukubwa wa tatizo, tuchukue hesabu ya mfano. Tairi moja lina upana wa takribani sentimita 25. Hivyo gari huacha mistari miwili yenye jumla ya upana wa nusu mita. Magari 20 yakiacha barabara kwa mita 100 kumfuata duma, na kila moja likarudi kwa njia yake, yatakuwa yamekanyaga mita za mraba 2,000, yaani karibu nusu ekari. Tukio kama hilo likirudiwa mara moja tu kwa siku, kila mara mahali papya, kwa siku 123 za kuanzia Julai hadi Oktoba, eneo lililokanyagwa litafikia takribani ekari 60. Hiyo ni hesabu ya kielelezo, lakini inaonesha jinsi mita chache za dereva mmoja zinavyokuwa ekari nyingi za taifa.

Mbona nyumbu hawaimalizi ardhi?

Baadhi ya watu huuliza: ikiwa nyumbu zaidi ya milioni moja hupita juu ya nyasi hizo kila mwaka, magari machache yana uzito gani? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu.

Ni kweli kwamba nyumbu huacha njia zao, na baadhi huonekana hata kutoka angani. Lakini kwato hugusa ardhi kwa vipande, zikiacha nafasi kati ya hatua na hatua, na huvunjavunja tabaka la juu la udongo. Gurudumu hukandamiza mstari mmoja usiokatika, ambao maji huugeuza kuwa mfereji. Nyumbu hula nyasi na kuacha samadi inayorutubisha ardhi ileile. Gari haliachi chochote isipokuwa vumbi na moshi. Zaidi ya hayo, nyumbu huondoka. Kundi likishapita, ardhi hupumzika kwa miezi kadhaa. Nyasi za Serengeti zimeishi na mzunguko huo wa kuliwa, kukanyagwa na kupumzishwa kwa maelfu ya miaka. Hazijawahi kuzoea chombo kinachopita mahali palepale kila siku.

Magugu yanayosafiri na matairi

Athari nyingine inayopaswa kuwashtua wakulima na wafugaji ni kuenea kwa mimea vamizi. Gugu karoti, linalojulikana kitaalamu kama Parthenium hysterophorus, liliripotiwa nchini mwaka 2010 mkoani Arusha. Gugu hilo huzaa mbegu kwa maelfu katika mmea mmoja, na mbegu zake ni ndogo kiasi cha kunasa kwenye tope la matairi na chini ya magari. Hupenda kuota mahali ambapo udongo umevurugwa na nyasi za asili zimedhoofika, yaani mahali hasa panapoachwa na gari lililotoka barabarani.

Madhara ya gugu karoti hayaishii kwa wanyamapori. Hupunguza malisho, huingia mashambani na kupunguza mavuno, na kwa baadhi ya watu husababisha muwasho wa ngozi na matatizo ya kupumua. Mbegu hazisomi vibao vya mipaka. Gugu likishika mizizi ndani ya hifadhi litafika malishoni, na likishika mizizi barabarani kijijini litafika hifadhini.

Kwa nini dereva huacha barabara

Ni rahisi kumlaumu dereva, lakini ni vema kuelewa mazingira ya kazi yake. Mwongoza watalii hubeba wageni waliolipa fedha nyingi na wenye siku chache. Redio ya gari inapotangaza kwamba duma ameonekana, magari hukusanyika kwa dakika chache, na anayechelewa hukuta nafasi za barabarani zimejaa. Mgeni huuliza kwa nini wenzao wamesogea karibu na wao hawajasogea. Bakshishi ya mwisho wa safari, na pengine sifa ya kampuni, huonekana kutegemea jibu la swali hilo.

Hapo ndipo elimu kwa mgeni inapokuwa na nguvu kuliko adhabu pekee. Mgeni aliyeelezwa mapema, kabla ya kuvuka lango, kwamba nyasi anazoziona ndizo sababu ya nyumbu kuwapo, mara nyingi huwa wa kwanza kumzuia dereva wake asiiache barabara. Mwongoza watalii anayejua kueleza kisa cha mbegu inayojichimbia ardhini humpa mgeni jambo la kukumbuka hata siku ambayo duma hakuonekana.

Sheria inasemaje

Hifadhi za Taifa zinasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA) kwa mujibu wa Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, na kanuni zake. Katika Hifadhi ya Serengeti, magari yanatakiwa kubaki kwenye barabara na njia zilizowekwa, isipokuwa kwa ruhusa ya mamlaka, na kutozidi mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Anayekiuka huchukuliwa hatua. Katika Mapori ya Akiba ya Ikorongo na Grumeti, yanayopakana na hifadhi, usimamizi uko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA).

Kaskazini magharibi mwa hifadhi, vijiji vya Robanda, Nyichoka, Makundusi, Nattambiso na Park Nyigoti katika Wilaya ya Serengeti vimetenga ardhi yao kuwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, na hunufaika na mapato ya utalii. Kwa wananchi hao, nyasi ni mali ya kijiji. Zikipungua, wanyama watahama. Wanyama wakihama, wageni watafuata. Na wageni wakiondoka, fedha zinazosaidia kujenga madarasa na zahanati zitapungua.

Hoja hiyo ina uzito wa kitaifa pia. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8, na Serengeti, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 14,763 na iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ni miongoni mwa vivutio vyake vikuu. Ongezeko la wageni ni mafanikio ya kujivunia. Lakini kila gari linaloongezeka linahitaji dereva anayeheshimu barabara, la sivyo mafanikio hayo yatakula mtaji wake yenyewe.

Wajibu wa kila mmoja

Kulinda nyasi hakuhitaji teknolojia ya gharama kubwa. Kwa madereva na waongoza watalii, kanuni ya kwanza ni kubaki barabarani hata pale ambapo mwenzako ametoka, kwa kuwa alama za tairi za mwenzako si barabara. Panapokuwa na tope, ni afadhali kurudi nyuma au kupita katikati ya njia iliyopo kwa uangalifu kuliko kufungua njia mpya pembeni. Magari yanayotoka maeneo yenye magugu vamizi yaoshwe, hususan matairi na sehemu ya chini, kabla ya kuingia hifadhini.

Kwa kampuni za utalii, ni vema wageni wakaelezwa kanuni hizi tangu wanapopanga safari, ili dereva asiachwe peke yake kubishana nao mbele ya duma. Kampuni inayompima dereva kwa usalama wa safari na utii wa kanuni, si kwa ukaribu wa picha tu, humwondolea kishawishi.

Kwa upande wa mamlaka, barabara zinazopitika mwaka mzima ndiyo kinga ya kwanza, kwa sababu dereva huiacha mapema barabara iliyojaa mashimo na madimbwi. Pale ambapo njia haramu zimeshaota mizizi, kuzifunga na kuziacha zipumzike huipa ardhi nafasi ya kupona, hasa kaskazini ambako mvua ni nyingi.

Wananchi wa Tarime na Serengeti nao wana nafasi yao nje ya hifadhi. Njia za mkato za pikipiki, malori na mikokoteni katikati ya malisho ya kijiji hufuata kanuni ileile ya udongo: njia moja huzaa nyingine, na mfereji huzaa korongo. Serikali za vijiji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo za matumizi ya ardhi, na zinaweza kuamua ni njia zipi zitumike na zipi zifungwe.

Mkoa wa Mara ni nyumbani kwa Hayati Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, ambaye Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, alitoa tamko maarufu la Arusha kuhusu uhifadhi wa wanyamapori na kuutaja kuwa dhamana ya taifa. Dhamana hiyo huanzia ardhini, kwenye mizizi ya nyasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika Serengeti, ufa huo una upana wa tairi moja.